Jasho, chumvi na barabara ya Nata

Kutoka Kasane hadi Nata, kaskazini mwa Botswana, ni kilomita 300 hivi za lami iliyonyooka, na makazi njiani ni ya kuhesabu. Waendesha baiskeli wanaotoka Cairo kwenda Cape Town, wengi wakiwa wamepitia Mbeya na mpaka wa Kasumulu, husimulia zaidi tembo wanaovuka barabara hiyo. Mimi nahofia zaidi chupa zao za maji.

Misuli inayokanyaga pedali hugeuza robo tu, au pungufu, ya nishati yake kuwa mwendo. Iliyobaki ni joto. Oktoba, hewa ya Botswana inapopita nyuzi 40, nje kuna moto kuliko ndani ya mwili, kwa hiyo njia ya kulitoa joto hilo hubaki moja: jasho kukauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka huondoka na kilokalori zipatazo 580. Hewa kavu na upepo wa mwendo hulikausha upesi mno, hata msafiri akadhani hatoki jasho. Ushahidi uko mgongoni mwa shati, michirizi myeupe ya chumvi.

Kwa saa moja anaweza kupoteza lita nzima, yenye gramu moja hivi ya sodiamu, ingawa watu hutofautiana sana. Hapa ule ushauri tuliouzoea, kunywa maji mengi, unahitaji kurekebishwa. Akinywa maji matupu kupita jasho analotoa, damu yake huzimuliwa. Figo zingeyatoa maji ya ziada, lakini wakati wa kazi nzito ubongo huweza kutoa homoni inayoziamuru ziyazuie. Maji huingia ndani ya seli, nazo huvimba. Mguu ukivimba una nafasi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, mtu hubabaika, kisha degedege. Si jambo la nadra: katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikuwa na sodiamu pungufu.

Kibaya zaidi, dalili hizo hufanana na za kukaukiwa maji, na mwenzake kwa huruma humwongezea chupa nyingine. Tazama kwanza. Aliyekaukiwa ana kiu, kinywa kikavu na mkojo mchache wa rangi nzito. Aliyezidisha maji huweza kuvimba vidole hadi pete ikabana, na tumbo humjaa.

Kwa hiyo kunywa kwa kufuata kiu, na ule chenye chumvi. Malawi kando ya barabara kuna thobwa, ndugu wa togwa yetu, na Zambia kuna maheu. Vyote vinatia nguvu, ila chumvi yake ni haba, basi viende na karanga za chumvi au samaki mkavu. Beba pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikiisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Sukari husaidia utumbo kufyonza sodiamu, na sodiamu huvuta maji.

Mwenzenu akianza kubabaika, mwekeni kivulini, na mwili ukiwa wa moto mmwagieni maji. Msimnyweshe. Mpelekeni hospitali haraka, na mwambieni daktari alikunywa lita ngapi tangu asubuhi.