Pesa ya Harusi Si Karo: Kwa Mpiga Picha Mwenye Familia

Unapiga picha za harusi Meru, Chuka au Embu? Basi unajua Agosti na Desemba simu haipumziki, halafu Januari ni kimya na karo inadaiwa.

Shida huanza hivi. Bibi harusi anatuma malipo ya awali ya 20,000, yanaingia kwenye salio lilelile la unga na maziwa ya mtoto. Siku ya harusi ikifika, nauli na pesa ya msaidizi hazipo. Si wizi, ni pesa kuchanganyika tu.

Fanya hivi:

1. Piga *334# ufungue Pochi la Biashara. Laini ni ileile, lakini pesa za wateja zinakaa kando.

2. Kabla ya kazi, toa gharama za siku hiyo pekee. Zinazobaki bado ni deni: harusi ikiahirishwa, mteja anaweza kuzidai.

3. Ukishakabidhi albamu, jilipe. Sehemu ya karo ifungie kwa M-Shwari Lock. Kutoka Agosti hadi Januari ni miezi 5 tu.

Mweleze na mwenzako nyumbani mpango huu. Akijua pesa ipi si yenu bado, hamtakosana, na Januari hutauza kamera.