Kuimarisha Majengo ya Kihistoria ya Mikindani dhidi ya Kimbunga na Tetemeko bila Kubadili Mwonekano Wake

Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilifika nchi kavu Cabo Delgado, kusini mwa Mto Ruvuma, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Mtwara ilinusurika, Lindi haikunusurika Aprili 1952. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la baharini lilitikisa Dar es Salaam. Swali la kuyalinda majengo ya zamani ya Mikindani, likiwemo Boma la Kijerumani la mwaka 1895, si la kinadharia. Makala haya yanashikilia kwamba uimarishaji unaofaa ni ule unaofunga viungo vya jengo, si unaofunika uso wake.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene na mzito. Hubeba vyema mzigo unaoukandamiza kutoka juu, lakini hauhimili kuvutwa wala kusukumwa ubavuni. Ardhi inapotikisika, ukuta usiofungamana na dari na kuta jirani huangukia nje. Upepo, kwa upande wake, huinua paa. Hapa pana jambo linalopitwa haraka mno: dari ya asili ya boriti za mikoko, mawe na chokaa haikuinuliwa kwa urahisi, na boriti zake zilisaidia kuzishika kuta. Bati ni jepesi. Likiondoka, ncha ya juu ya ukuta hubaki bila kishikio.

Lipu ya saruji, ambayo ndiyo tiba iliyozoeleka, huzuia unyevu wa chumvi kutoka, nao huyala mawe kwa ndani. Kuhusu zege zito juu ya mawe dhaifu, Italia ilipata somo chungu katika tetemeko la Umbria na Marche mwaka 1997: mapaa ya zege yaliyowekwa kwa nia ya kuimarisha yalichangia kuporomoka kwa kuta.

Badala yake, fito za chuma kisichoshika kutu zipitishwe ndani ya unene wa dari, ukuta hadi ukuta, na vibamba vyake vifukiwe chini ya lipu ya chokaa. Chuma cha kawaida hakifai: hewa ya bahari hukitia kutu, nacho hufura na kupasua jiwe. Paa la bati lifungwe kwenye mbao zilizoshikizwa ndani kabisa ya ukuta, kwani kishikizo kifupi huinuka pamoja na mawe mawili matatu ya juu. Na iwapo kibamba hakifichiki, heri kionekane kuliko kuchimba ukuta dhaifu ili kukificha.