Dawa Iliyo Kihambani

Mgeni anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kidia, Kibosho au Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro huona migomba na kahawa, akadhani ameona yote. Akiongozana na mzee wa huko atachelewa kufika, kwa sababu mzee hasiti kusimama: huu mfurufuru, ule msesewe, ile mirefu inayotia kahawa kivuli ni mringaringa na mfuruanje. Watafiti walioorodhesha mimea ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, wamepata aina zaidi ya 500, na nyingi kati ya hizo hakuna aliyezipanda. Zimeachwa ziote. Kuachwa huko nako ni kazi, maana anayepalilia lazima ajue kipi cha kung'oa na kipi jembe likikwepe.

Tukitaja tiba za asili, wengi hukimbilia kumfikiria mganga na vibuyu vyake. Uchaggani wataalamu wapo, wa mifupa, wa uzazi na wa mambo mazito zaidi. Lakini sehemu kubwa ya dawa za mlimani haikuwahi kumhitaji mganga. Ilikaa jikoni, ikakaa mpakani mwa shamba, ikakaa hata ndani ya pombe.

Chukua msesewe, mti ambao wanabotania huuita Rauvolfia caffra. Gome lake lililokaushwa na kutwangwa lina uchungu wa kumtoa mtu machozi, na watu wamelichemsha miaka mingi kwa ajili ya homa na maumivu ya tumbo. Gome hilohilo ndilo linalotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Msesewe huupunguza utamu wa ndizi na kuipa pombe ule ukali wanaoutaka wanywaji. Mbege isiyo na msesewe wazee huionja tu, kata ikarudi ilikotoka. Mwenye kipimo ni mama mpishi, na kipimo chake kiko mkononi na ulimini.

Wala msesewe si mti wa mzaha. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetolewa reserpini mwaka 1952, dawa iliyotumika sana hospitalini kushusha shinikizo la damu. Kwa hiyo anayemeza vidonge vya presha asubuhi na kunywa gome jioni bila kumwambia daktari anacheza na mwili wake. Wapo wanaojitapa kwamba cha asili hakidhuru. Hao hawakufundishwa na bibi zao, kwa sababu bibi mjuzi huanza na onyo kabla ya kutaja dawa.

Kuna mmea mwingine ambao haumezwi wala haupakwi, nami bado nauhesabu kuwa dawa: isale. Majani yake marefu ya kijani husimama mipakani mwa vihamba na makaburini pa wazee. Ukimkosea mtu, ukashindwa hata kumtazama usoni, unampelekea isale. Anayeletewa isale hukubali kusikiliza, na kuikataa ni jambo la kutisha katika ukoo. Ugomvi wa ndugu kuhusu mpaka unaweza kuwalaza watu vitandani. Wachagga walilijua hilo, wakaupanda msamaha palepale kwenye mpaka.

Msituni mambo yamekuwa tofauti. Mkondekonde, yaani Prunus africana, ulijulikana kwa tiba milimani kote Afrika kabla Jacques Debat hajapata hataza nchini Ufaransa mwaka 1966 ya kutumia gome lake kutibu tezi dume. Baada ya hapo magome yaliuzwa Ulaya kwa tani, hasa kutoka Kameruni na Madagaska. Mti uliobanduliwa gome kwa kuuzunguka wote mara nyingi hufa, na tangu 1995 biashara ya mti huu inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Mchumaji wa kale alibandua kipande upande mmoja, akaondoka. Alikuwa akimtibu mtu mmoja, hakuwa akijaza kontena.

Kilimanjaro kwenyewe, mwaka 1941 ulitengwa Ukanda wa Nusu Maili ili wananchi wapate kuni, majani na miti pembeni mwa msitu. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa, masharti ya kuingia yakakazwa. Sina ugomvi na kuulinda msitu, kwani maji yetu yanatoka huko. Lakini mlango wa juu ukifungwa, kinachobaki ni kihamba, na kihamba chenyewe kinagawanywa kila kizazi. Wa kwanza anapewa, kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wanajibanza au wanahamia mjini. Kisha inakuja nyumba ya bati yenye ua wa saruji, na msesewe unakatwa kwa sababu mizizi yake inakaribia msingi.

Kila Disemba barabara za kwenda Rombo, Machame na Old Moshi hujaa magari ya watoto wanaorudi nyumbani. Wewe utakayekuwa mmoja wao, kabla hujamwita fundi wa kukata miti, zunguka kihamba na mama au shangazi. Muulize jina la kila mti, gome lake au jani lake linatumikaje, kwa kiasi gani, na nani asipewe. Andika majibu. Ukisha kuyaandika, ndipo uamue kipi kikatwe.