Umeme ukirudi, nani aamshe kamera?

UMEME wa kwetu Ngara na Biharamulo, msomaji wangu, una tabia za bwana mlevi: unaondoka bila kuaga, unarudi usiku wa manane. Na mitambo ya Rusumo, ile ya megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, ipo hapo hapo Ngara! Lakini leo sina ugomvi na watu wa umeme. Nasema na wenye kompyuta.

Pale Lusahunga, Biharamulo, wanapolala madereva wa malori ya Rusumo, mama mmoja wa gesti alifungiwa kamera na kompyuta kuukuu yenye Linux. Kwa nini Linux? Haina ada ya leseni, na mashine nzee inaibeba bila kukohoa. Basi usiku mmoja dizeli ikanyonywa kwenye lori. Asubuhi kasheshe! Dereva anamtaka mlinzi, mama anataka kukata mshahara, kijana wa watu anaapa kwa kaburi la baba yake. Wakakimbilia kamera. Patupu! Umeme ulikatika saa mbili, ukarudi saa tatu, mlinzi akabonyeza swichi, kioo kikawaka, akajua mambo safi. Kumbe programu ya kurekodi inangoja mtu aje aifungue, na neno la siri analo mama, kalala.

Kesho yake nikaitwa. Elimu yangu fomu foo, ila haya mambo nayapenda.

Kwanza mashine yenyewe. Ingia kwenye BIOS (nyingi ni F2 au Delete ukiwasha tu), tafuta panapouliza ifanye nini umeme ukirudi, iambie iwake. Laptop nyingi hazina kitu hicho.

Halafu programu. Njia ya mkato ni cron. Andika crontab -e, chini kabisa weka:

@reboot /home/mama/kamera.sh

Anwani ya faili iandike yote kuanzia / ya kwanza, maana cron haijui vichochoro unavyovijua wewe. Faili nalo lipe ruhusa kwa chmod +x. Tatizo la cron, ikishaamsha mara moja imenawa mikono. Programu ikifa saa nane usiku, shauri yako.

Kwa ulinzi mimi natumia systemd, iliyotoka 2010 na sasa imo kwenye Ubuntu, Debian na nyinginezo. Tengeneza faili /etc/systemd/system/kamera.service, ndani yake:

[Service]
ExecStart=/home/mama/kamera.sh
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Kisha sudo systemctl enable --now kamera. Hapo kwenye Restart ndipo penye utamu: programu ikianguka, inapumzika sekunde 5, inainuliwa tena. Wala haingoji mtu aandike neno la siri. Ila chagua moja, cron au systemd. Ukiweka zote zitagombea kamera kama wake wenza.

Jaribu kwa sudo reboot. Ikikubali, chomoa waya ukutani mara moja tu, maana kuchomoa-chomoa kunaua diski. Mama wa watu alichomoa mara tatu, haamini! Kila mara kamera ikaamka yenyewe, na mlinzi anachungulia mlangoni.

Ule mshahara walikuwa bado wanauzungumza napanda basi.