Jiko Lisilale Ndani

Juni ikiingia, mtu wa Njombe, Makete au Mbeya hahitaji kalenda. Makoti yanavaliwa mawili mawili, asubuhi mvuke unawatoka watu midomoni, na kule Kitulo umande huganda juu ya majani. Jioni kila baraza lina jiko la mkaa. Mama analipepea mpaka moshi uishe na mkaa ukolee, uwe mwekundu kote, kisha analibeba na kuliingiza chumbani wanakolala watoto. Anafunga mlango. Anasokomeza kanga chini yake ili upepo usipenye. Yote hayo anayafanya kwa upendo, na ndiyo maana inauma sana kufika kwenye nyumba hiyo asubuhi ya pili.

Nafundisha tahadhari za moto, na kila mwaka naanzia kwenye jambo hili moja: mkaa uliokolea. Imani tuliyokulia nayo ni kwamba moshi ndio mbaya, na moshi ukiisha jiko ni salama kuingizwa ndani. Moshi ule unaowasha macho angalau unakufukuza. Kinachobaki baada yake hakikufukuzi. Mkaa mwekundu unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Jiko likiwa uani hewa hiyo hutawanyika. Likiwa katika chumba kilichofungwa, mkaa unakula oksijeni iliyomo, na kadiri oksijeni inavyopungua ndivyo unavyozidi kutoa sumu. Uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haijikusanyi juu wala chini. Aliyelala kitandani na aliyelala mkekani wanaivuta sawasawa.

Ndani ya mwili inafanya hivi. Damu ina kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Hemoglobini huishika kaboni monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kiti cha oksijeni kinakaliwa na mgeni, na mgeni haondoki upesi. Aliye macho ataanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, na magoti kukosa nguvu. Wengi hudhani ni malaria au uchovu wa shamba. Aliyelala hapati hata nafasi ya kudhani. Usingizi wake unazidi kuwa mzito, basi. Asubuhi watu wanakutwa wametulia, hawana jeraha, mlango umefungwa kwa ndani, na mtaani minong'ono ya uchawi inaanza. Jiko liko pale pale kando ya kitanda, na mkaa umeshageuka majivu.

Kuna dalili moja ambayo nawaomba wasomaji waishike: watu wawili au watatu wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, halafu wakitoka nje wanapata nafuu. Malaria haifanyi hivyo. Ukiona hali hiyo, watoe watu wote nje kwanza, uliza maswali baadaye, na wafikishwe hospitali hata kama wanasema wamepona. Mtu anayevuta hewa ya kawaida huhitaji saa 4 hadi 5 ili nusu tu ya sumu iliyo kwenye damu imtoke. Akipewa oksijeni safi muda huo hushuka hadi kama saa 1 au saa 1 na nusu. Maziwa, ambayo wengi hukimbilia kumnywesha, hayafanyi lolote hapa, kwa sababu sumu haiko tumboni.

Vivyo hivyo sufuria ya maji juu ya jiko. Nimeikuta katika nyumba nyingi, na mwenye nyumba ananieleza kwa uhakika kabisa kwamba maji yanavuta sumu. Hayavuti. Dirisha lililoachwa wazi kidogo linapunguza hatari, lakini hakuna awezaye kukuambia ni kidogo kiasi gani kinachotosha, nami sitathubutu. Ninachoshauri ni hiki: ota moto jioni mkiwa macho, mlango ukiwa wazi, na kabla ya mtu wa kwanza kusinzia jiko litoke. Kitandani weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Watoto walale pamoja. Na jiko likitoka lisiegemezwe kwenye ukuta wa mbao wala rundo la kuni. Majivu yake nayo yasimwagwe kwenye takataka usiku huo, kwa maana kaa dogo lililofukiwa kwenye majivu linaweza kulala na kuamka kesho yake.

Haya yote yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, na mara nyingi ndivyo inavyofanyika. Karatasi nazo zina kazi yake. Lakini nimejifunza kwamba mambo mawili ndiyo huamua kama somo litaokoa mtu: lilikuja lini, na je, mkono wa mtu uligusa kitu. Somo la jiko linatakiwa Mei, kabla baridi haijazoeleka. Likija Julai, kila familia imeshapitisha usiku 30 na jiko ndani bila kudhurika, na hakuna hoja ya mtaalamu inayoshinda usiku 30 wa salama.

Kuhusu mkono, ngoja nieleze zoezi la mafuta, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tunakwenda uwanjani, mbali na majengo, tunaweka karai kwenye jiko na mafuta ya kupikia kidogo. Mafuta yanatoa moshi mwembamba wa bluu, kisha unakuwa mzito, kisha yanashika moto yenyewe bila kiberiti. Nauliza: tufanye nini? Jibu huwa lile lile, maji. Basi nachukua kikombe cha maji kilichofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, nawasogeza watu nyuma, namimina. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama hadi chini ya karai, na hapo yanageuka mvuke kwa mkupuo. Maji yakiwa mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Mvuke huo unayarusha juu mafuta yanayowaka, na mwali unapanda kupita urefu wa mtu. Watu hupiga kelele, watoto hukimbia. Hakuna anayeuliza tena kwa nini.

Halafu tunawasha upya na kumwita mtu. Siku moja alikuja mama lishe ambaye amekaanga samaki na chipsi nusu ya maisha yake. Nikampa mfuniko. Mara ya kwanza mkono ulimtetemeka, akautupia mfuniko kwa juu na kuruka nyuma. Haukukaa sawa, moto ukatokea pembeni. Mara ya pili aliushika kama ngao, akausogeza kutoka upande wake kuelekea mbele, ukafunika. Moto ukafa. Akataka kufunua aone. Nikamzuia, kwa sababu mafuta yakiwa bado ya moto na ukayapa hewa, yanawaka tena. Mara ya tatu alifanya bila mimi kusema neno: akafunika, akazima jiko, akaondoka zake na kuacha mfuniko mahali pake. Akaniambia, "Mwalimu, kumbe ni kitu kidogo hivi." Ni kidogo kweli, lakini usiku jikoni, mtoto akiwa analia, mtu hufanya kile ambacho mkono wake umewahi kukifanya.

Mitungi ya gesi nayo inadai zoezi la aina hii, hasa sasa. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na mimi naunga mkono. Mtungi hauachi makaa ya kuota chumbani. Ila gesi ina tabia zake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa kwenye pembe na chini ya meza. Ikifikia kama asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha. Msimu wa baridi mtungi ulioshinda barazani huingizwa ndani na madirisha hufungwa, ndipo uvujaji mdogo unapokuwa mkubwa. Harufu ile kali imewekwa makusudi kiwandani ili pua ikuamshe. Ikikuamsha, usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima, maana zote mbili hutoa cheche. Funga koki, fungua milango, toka na watu wako, simu piga ukiwa nje. Na kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta. Povu likichemka vipovu, pana tundu. Kutafuta tundu kwa kiberiti, jambo ambalo bado naliona, ni kulitafuta kwa roho yako.

Baridi ikipita, hatari inahama kutoka chumbani kwenda shambani. Septemba na Oktoba wakulima wanaandaa mashamba, nyasi zimekauka, upepo umeanza, na moto kichaa unapanda milima. Oktoba 2020 nchi nzima ilitazama Kilimanjaro ukiungua kwa siku kadhaa. Kwa wenye mashamba ya miti Mufindi na Njombe, moto mmoja unaweza kumeza miaka 15 ya kungojea mbao. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa mwali unayapasha joto majani yaliyo juu yake kabla haujayafikia. Kwa hiyo anayelazimika kuchoma, na ameruhusiwa na serikali ya kijiji, asafishe kwanza njia ya kuzuia moto pande zote, aanzie juu ya mteremko, achome jioni upepo ukiwa umetulia, na asiondoke mpaka ameshika majivu kwa mkono wake yakiwa baridi.

Kiangazi hicho hicho ndicho watu huchimba na kusafisha visima na mashimo ya vyoo. Kijana akishuka na kunyamaza, usimfuate. Chini kunaweza kuwa na hewa yenye sumu au pasiwe na oksijeni kabisa, na mara nyingi anayekufa wa pili ni ndugu aliyeshuka kumwokoa wa kwanza. Ita wenye vifaa.

Liko somo lisilo na msimu, na nikiwa na vijana wa bodaboda siliachi. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Petroli hutoa mvuke hata penye baridi, na mvuke huo, kama gesi ya mtungi, hutambaa chini ukitafuta cheche: pikipiki inayowashwa, betri inayochomolewa. Ukiona lori limelala, kazi yako ni kusimamisha wanaokuja, mbali.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na haitozwi. Nayo tunaifanyia zoezi, mtoto mmoja mmoja, kwa simu iliyozimwa. Aseme kwanza yuko wapi, kwa mtaa na alama inayojulikana: msikiti, shule, mti wa mwembe penye kituo cha daladala. Kisha nini kinaungua. Kisha kama kuna mtu ndani. Asikate simu kabla hajaambiwa. Chumba chenye godoro la sponji kinaweza kuwaka chote ndani ya dakika 3 hadi 5, na gari letu halijui vichochoro vyenu, kwa hiyo anayebaki bila kazi achukue tochi, akimbie hadi barabara kuu, asimame pale mpaka atuone.