Je, Wajua? Panya Aliyepewa Jeni ya Binadamu

Panya hana jeni ya APOL1. Sisi tunayo, na hutukinga dhidi ya baadhi ya vimelea vya jamii moja na vile vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kuwa aina zake mbili, G1 na G2, zilizoenea kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, zina nguvu hata dhidi ya kimelea cha malale cha Afrika Mashariki. Lakini anayezirithi kwa baba na kwa mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kazi.

Je, mkosaji ni jeni hiyo yenyewe? Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliipandikiza kwa panya, ifanye kazi ndani ya seli za vichujio vya figo. Wenye G1 au G2 walivujisha protini kwenye mkojo, na vichujio vyao vikapata makovu. Waliopewa aina ya kawaida, G0, hawakuugua.

Panya wenye jeni hiyo ya binadamu walitumika pia kupima inaxaplin, dawa inayoizuia protini ya APOL1. Miongoni mwa wagonjwa 13 waliohesabiwa katika matokeo ya jaribio yaliyochapishwa mwaka 2023, protini kwenye mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Wagonjwa ni wachache, lakini tumaini ni la kweli.