Kebo za usukani wa ndege

Kebo za usukani ni kamba za chuma zinazounganisha pedali za rubani na usukani ulio kwenye mkia wa ndege. Katika ndege ndogo, zikiwemo zinazoundwa nyumbani, mara nyingi kebo huwa na misokoto 7 yenye nyuzi 19 kila mmoja.

Anayezifunga huhakikisha kwamba pedali ya kulia hupeleka usukani kulia na kwamba kebo haisuguani na bodi. Mkazo hupimwa kulingana na halijoto, kwa kuwa alumini hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma. Hivyo katika ndege ya alumini, kebo zilizokazwa kwenye joto la Dar es Salaam hulegea kwenye baridi ya Njombe na Makambako, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kebo zilizolegea huchelewesha usukani. Zilizokazwa kupita kiasi huchakaza puli.

Mwishoni, skrubu za kukazia hufungwa kwa waya zisilegee kwa mtikisiko.